Umelipa, Taa Haijawaka: Ni Nani Anayechelewa?

Saa tatu usiku, Kayole. Mita imefika sufuri, nyumba ni giza, na simu imebaki na chaji asilimia 10. Unanunua tokeni za soo mbili. Pesa inatoka mara moja, meseji ya malipo inaingia, lakini zile tarakimu 20 hazionekani. Dakika tano zinapita. Ulipe tena?

Hapana, usilipe tena. Kati ya malipo yako na taa kuwaka kuna hatua kadhaa, na si zote zinazofanya kazi kwa mwendo mmoja. Nyingine huchelewa, nyingine haziruhusiwi kuchelewa hata kidogo. Ukijua ni ipi inayochelewa, utajua kama ni wakati wa kungoja, wa kupiga simu, au wa kumtafuta mwenye ploti. Wengi huilaumu mita kwanza. Kumbe mita ndiyo mara nyingi iko sawa.

Kompyuta usiyoiona

Ukitembea Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Dandora, Umoja hadi Pipeline, karibu kila nyumba ina kompyuta ndogo ambayo hakuna mtu huiita kompyuta. Mita ya tokeni ni kompyuta. Mita ya gesi iliyokaa juu ya mtungi na kupima unachopika ni kompyuta. Kisanduku cha sola unacholipia kwa siku ni kompyuta. Mashine za maji zilizowekwa Mathare mwaka 2015, zile za Grundfos na kampuni ya maji ya Nairobi, nazo ni kompyuta: zilipoanza, uliweka pesa kwenye kadi kwa simu, ukagusisha kadi, na mtungi wa lita 20 ukajaa kwa nusu shilingi.

Tofauti yake na simu yako ni ukubwa wa akili. Simu ya kawaida siku hizi ina gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Chipu ya kifaa kidogo kama hiki inaweza kuwa na kilobaiti 64 tu. Piga hesabu: simu inamshinda mara 65,536. Chipu hiyo haiwezi kubeba hata picha moja nzuri ya WhatsApp. Imefanywa hivyo kwa makusudi, kwa sababu lazima iwe bei nafuu, itumie umeme kidogo sana, na ikae ukutani miaka mingi bila mtu kuigusa.

Sasa, kitu chenye akili ndogo hivyo kinaaminiwaje na pesa yako? Kinaaminiwa kwa sababu ya namna kinavyopangiwa kazi zake.

Wakati halisi si mwendo kasi

Vifaa vingi vya aina hii huendeshwa na programu inayoitwa mfumo endeshi wa wakati halisi. Jina hilo huwapotosha watu. Wanadhani maana yake ni kasi. Si kasi. Maana yake ni kwamba kila kazi ina saa yake ya mwisho, na mfumo umejengwa ili saa hiyo isipite.

Fikiria safari ya kwenda tao. Ukipanda matatu ya 58 pale Buruburu, siku nzuri utafika haraka kuliko treni. Lakini siku mbaya kuna jam Jogoo Road, makanga anangoja gari lijae, na hujui utafika saa ngapi. Treni ya abiria kutoka Makadara haikimbii sana, lakini ina ratiba, na haikutani na jam ya Jogoo Road. Mtu mwenye interview saa mbili asubuhi hatafuti gari linaloweza kukimbia zaidi. Anatafuta linaloweza kumhakikishia.

Simu yako ni kama matatu. Ina nguvu, lakini ikiwa na kazi nyingi inaganda kidogo, unaguna, maisha yanaendelea. Mita haina ruhusa ya kuganda. Ikiganda, kuna stima inayopita bila kuhesabiwa, au yuniti zako zinazopotea.

Tazama kazi ambazo mita inafanya kwa wakati mmoja. Stima ya nyumbani Kenya ni ya volti 240, na hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Ukigawa sekunde moja mara 50, kila mzunguko unachukua sehemu 20 kati ya 1,000 za sekunde. Ndani ya kila mzunguko lazima mita ipime volti na mkondo mara nyingi ili ijue umetumia kiasi gani. Wakati huohuo inaangalia kama kuna mtu anabonyeza tarakimu, inaandika salio kwenye kioo, inachunguza kama kifuniko kimefunguliwa, na inahesabu muda.

Kazi hizo hazilingani uzito. Kupima stima hakungoji. Kuandika kwenye kioo kunaweza kungoja kidogo, jicho lako halitajua. Kwa hiyo kila kazi hupewa cheo chake. Kazi yenye cheo kikubwa ikihitaji chipu, ile ndogo husimamishwa palepale, kubwa ifanye yake, kisha ndogo iendelee ilipoachia. Ndiyo maana ukibonyeza tarakimu za tokeni na kioo kikasita kidogo, usibonyeze tena kwa hasira. Huenda mita ilikuwa na jambo la maana zaidi la kufanya.

Kuna kazi moja iliyo juu ya karibu zote: stima inapopotea. Hapo mita yenyewe inakaribia kuzima. Inabaki na chaji kidogo tu iliyohifadhiwa kwenye vipuri vyake, ya muda mfupi sana, na ndani ya muda huo lazima iandike salio lako kwenye kumbukumbu isiyofutika. Ni kama mwenye kibanda Gikomba anayeona tone la kwanza la mvua: hamalizi kupiga hesabu, hamalizi kuongea na mteja, anaingiza nguo ndani kwanza. Stima ikirudi, yuniti zako zipo palepale zilipokuwa. Hilo halitokei kwa bahati. Kuna mtu alikaa akapima muda huo, akahakikisha kazi ya kuandika inaisha kabla chaji haijaisha.

Somo kutoka Mars

Je, mfumo wa namna hii huwahi kukosea? Ndiyo, na kosa linalosimuliwa sana lilitokea mbali. Julai 4, 1997, chombo cha NASA kiitwacho Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mars. Baada ya siku chache kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Chombo kilikuwa kizima. Shida ilikuwa kwenye vyeo vya kazi.

Ili kuielewa, fikiria ploti yenye bafu moja na ufunguo mmoja. Nesi anayeenda zamu ya usiku ndiye mwenye haraka kuliko wote, na kila mtu anakubali apewe nafasi. Lakini ufunguo uko kwa mtoto aliyekuwa anaoga. Mtoto anatoka ili aurudishe, njiani anasimamishwa na jirani anayependa stori. Jirani hana haja na bafu. Lakini yeye ni mkubwa kwa mtoto, kwa hiyo mtoto anasimama. Nesi anachelewa kazini kwa sababu ya mtu ambaye hata hakuwa kwenye foleni.

Ndivyo ilivyokuwa Mars. Kazi ya cheo cha chini ilishika kitu ambacho kazi ya cheo cha juu ilikihitaji, na kazi za katikati zikaizuia ile ya chini isimalize. Wahandisi waliigiza hali hiyo kwenye kompyuta pacha iliyobaki duniani, wakapata chanzo, wakatuma marekebisho. Dawa yake ni rahisi kuieleza: mtoto aliyeshika ufunguo anaohitaji nesi, apewe cheo cha nesi mpaka aurudishe. Hakuna atakayethubutu kumsimamisha.

Na kwa nini kompyuta ilijiwasha upya badala ya kunyamaza milele? Kwa sababu ndani yake kulikuwa na saa ya ulinzi. Unawajua walinzi wa usiku wa court ambao hupiga filimbi kila baada ya muda? Ukisikia filimbi, unalala. Kimya kikizidi, unaamka. Saa ya ulinzi hungoja programu iitikie kila baada ya muda mfupi. Programu isipoitikia, saa huizima na kuiwasha upya. Vifaa vidogo vya malipo hutumia ujanja huohuo, kwa sababu hakuna fundi wa kuzunguka Umoja nzima akizima na kuwasha mita.

Mifumo hii si siri ya kampuni kubwa. Mmoja unaotumika sana, FreeRTOS, ulianzishwa na Richard Barry mwaka 2003, na tangu 2017 unasimamiwa na Amazon. Kiini chake kinaweza kutoshea kwenye kilobaiti 12 au chini ya hapo, na ni bure. Mwingine, Zephyr, ulianzishwa mwaka 2016 chini ya Linux Foundation. Kijana wa Kariobangi mwenye laptopu ya kawaida na kibodi kidogo cha elektroniki anaweza kuipakua na kujifunza leo. Vifaa vingine rahisi zaidi havina mfumo endeshi kabisa: programu moja huzunguka kwenye kazi zake bila kukoma. Lakini sheria ni ileile: kazi na saa yake.

Tarakimu 20 zinabeba nini

Sasa turudi kwenye tokeni zako. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: mita ya kawaida ya tokeni, ile ya kubonyeza, haijui kabisa kwamba umelipa. Haina laini ya simu. Haiongei na benki, haiongei na sisi. Inachojua ni tarakimu utakazobonyeza, basi.

Ndiyo maana tarakimu ni nyingi. Zimebeba ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake: ni tokeni ya aina gani, ni ya yuniti ngapi, ilitengenezwa dakika gani, na hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Mita hufungua ujumbe huo yenyewe, hapo ukutani, hata kama mtandao wote wa Nairobi umelala. Hii inakuachia mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza, tokeni ya mita moja haifunguki kwenye nyingine. Ukikosea nambari ya mita wakati wa kulipa, yuniti zako zitafunguka kwa mtu mwingine tu. Soma nambari mara mbili kabla ya kuweka PIN.

La pili, mita hukumbuka tokeni za karibuni ili isikubali moja mara mbili, na hukataa iliyo ya zamani kuliko zote inazozikumbuka. Kwa hiyo usinunue tokeni ukazihifadhi kwenye simu kwa miezi mingi. Ziingize ukizinunua.

Ile dakika ya kutengenezwa ndiyo iliyoleta kazi kubwa mwaka 2024. Kiwango kinachotumiwa na mita hizi, kilichoanzia Afrika Kusini, kilikuwa kikihesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo kwenye tokeni ni biti 24, ambazo zinaweza kuhesabu hadi dakika 16,777,216 tu. Waliopanga hivyo walikuwa wanabana nafasi, kwa sababu kila biti iliyoongezwa ni tarakimu zaidi za wewe kubonyeza gizani. Dakika hizo zilimalizika Novemba 24, 2024.

Ndiyo sababu mwaka huo wateja wa Kenya Power walipata seti tatu za tarakimu 20 badala ya moja. Mbili za kwanza zilibadilisha ufunguo wa mita na kuanza hesabu mpya, inayohesabiwa tangu 2014, na ya tatu ilikuwa stima yenyewe. Mita ambayo haikuwekewa zile mbili haiwezi kukubali tokeni mpya. Ukihamia nyumba iliyokaa bure muda mrefu, na mita inakataa kila tokeni, uliza kwanza: mita hii iliwahi kusasishwa? Hesabu mpya nayo itafika mwisho Novemba 2045, kwa hiyo watoto wetu watalisikia hili tena.

Vifaa vyenye laini ya simu

Gesi na sola ni tofauti kidogo. M-KOPA ilipoanza kuuza sola za kulipia kwa siku kutoka Nairobi mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya kisanduku. Mita ya M-Gas pia huwasiliana kwa mtandao. Teknolojia yake ilitoka Tanzania, kwa KopaGas, na ikanunuliwa na Circle Gas mwaka 2020. Hapa huna haja ya kubonyeza tarakimu. Unalipa, ujumbe unasafiri hewani, kifaa kinapokea salio.

Lakini angalia mgawanyo wa kazi. Kupima gesi na kufunga vali salio likiisha ni kazi ya kifaa chenyewe, na ina saa yake ya mwisho. Kupokea habari kwamba umelipa ni kazi ya mtandao, na mtandao hauna ahadi ya namna hiyo. Ukiwa ghorofa ya chini kwenye ploti iliyobanana, ujumbe unaweza kuchukua muda. Ugali hauwezi kungoja. Kwa hiyo ongeza salio kabla halijaisha kabisa, hasa jioni.

Nani anachelewa?

Ukiyaweka yote pamoja, utaona kuna pande mbili. Upande wa kifaa kuna ahadi ya wakati. Upande wa kati, yaani malipo yetu, mfumo wa anayeuza tokeni, na meseji inayokurudia, kuna kasi nzuri siku nyingi, lakini ni matatu, si treni. Saa ambazo kila mtu ananunua stima, foleni huwa ndefu. Sisi tuko upande huo wa matatu, na tunasema hivyo waziwazi.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Umepata meseji ya malipo lakini si tokeni? Pesa imefika, foleni iko kwa muuzaji wa tokeni. Usilipe tena. Ukilipa mara mbili utapata tokeni mbili, na soo mbili za chakula cha kesho zitakuwa zimegeuka stima. Kwa mita ya Kenya Power, piga *977# uangalie tokeni ulizonunua karibuni.

2. Hukupata meseji ya malipo? Angalia salio lako la pesa kwanza. Kama halijapungua, malipo hayakupita. Kama limepungua, tupigie ukiwa na saa na kiasi ulicholipa.

3. Tokeni ipo lakini mita imeikataa? Linganisha nambari ya mita kwenye meseji na iliyoandikwa kwenye mita. Kisha bonyeza polepole. Mita nyingine hujifunga kwa muda zikikosewa mara nyingi.

4. Tokeni imekubaliwa, salio lipo, na bado ni giza? Hapo tokeni si shida. Ploti nyingi Eastlands zina mita ndogo za mwenye nyumba, zilizo nyuma ya mita kubwa. Mita kubwa ikikosa stima, yako itakaa giza hata ikiwa na yuniti 50. Angalia jirani. Kama ploti nzima ni giza, mtafute mwenye ploti au msimamizi wake, maana hakuna tokeni itakayosaidia. Usidanganywe na kibao cha kubonyezea kilichowaka: vingine vina betri yake.

5. Mtu amekupigia akisema ataharakisha tokeni zako, au atasasisha mita yako, ukimpa PIN? Kata simu. Umeona mita inavyofanya kazi: inafunguliwa kwa tarakimu zilizotengenezwa kwa ufunguo wake, na PIN yako haiingii popote humo. Hata kazi kubwa ya 2024 ilifanywa kwa tarakimu peke yake. PIN hufungua kitu kimoja tu, nacho ni pesa yako.

Hifadhi meseji ya malipo na ya tokeni mpaka mita ikubali. Ukitupigia nazo mkononi, tutaona mara moja pesa ilisimama wapi.